Skrini Nyeusi Haina Usuli

SWALI: Kamwene, mwalimu. Ninawafundisha vijana kompyuta hapa Mafinga, na ninaandaa mwongozo mfupi wa Kiswahili kuhusu namna ya kubadili muonekano wa terminali, yaani lile dirisha ambamo mtu huandika amri badala ya kubofya vitufe. Nimekwama kwenye rangi iliyo nyuma ya herufi. Mwenzangu mmoja huiita "usuli", mwingine "mandhari", na wa tatu "mandharinyuma". Lipi ni sahihi?

JIBU: Kamwene, mwalimu mwenzangu. Nianze na "muonekano" ili nilimalize haraka. Mzizi wake ni -onekana, unaoanza na irabu o, na kiambishi mu- kinapokutana na irabu hiyo huwa mw-, kama katika neno "mwongozo" ambalo umeliandika vyema katika sentensi hiyohiyo. Andika "mwonekano". Mu- hubaki kamili mbele ya u, ndiyo maana tuna "muundo" na "muungano".

Sasa nije kwenye "usuli", neno ambalo limeniudhi kwa miaka mingi kila ninapolikuta kwenye simu na kompyuta. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako ni wingi wa neno lililotupa "asili", na kwetu limebaki na maana ya chimbuko. Mwanafunzi wa chuo anapoandika usuli wa tatizo analolitafiti, anaeleza tatizo hilo lilikotoka, na hapo neno limekaa mahali pake. Kiingereza, kwa bahati yake, kina neno moja, "background", linalobeba historia ya jambo na pia rangi iliyo nyuma ya maandishi. Mfasiri aliyeona neno hilo likitafsiriwa "usuli" katika tasnifu akalihamishia kwenye skrini bila kujiuliza kama maana imehama pamoja nalo. Haikuhama. Kumwambia kijana achague "usuli mweusi" ni kumwambia achague chimbuko jeusi, na kijana mwenye akili timamu ana haki ya kuuliza ni chimbuko la nini.

Nenda Soko Kuu la Iringa au Mwanjelwa kule Mbeya, usimame mbele ya meza ya muuza vitenge, usikilize wateja. Mama anayetaka kitambaa cheusi kilichochorwa maua ya njano atasema, "Nipe kile cheusi chenye maua ya njano." Rangi iliyotanda huifanya kuwa sifa ya kitambaa chenyewe, na rangi ya maua huileta baadaye kwa "chenye". Hakuna mteja atakayeomba kitenge chenye usuli mweusi, wala chenye mandharinyuma nyeusi, na muuzaji aliyekaa sokoni miaka thelathini hajawahi kukwama kuelewa kwa sababu neno hilo halikutamkwa. Kwenye kanga tumekwenda mbali zaidi, kwa kuwa tuna jina la kila sehemu: pindo ni ule ukingo unaozunguka, mji ni eneo la katikati, na jina ni maneno yaliyoandikwa. Lugha iliyoweza kuigawa kanga hivyo haikuhitaji kuazima chimbuko ili kuieleza skrini. Kwa hiyo kijana wako anaweza kuambiwa "skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani", naye ataelewa kabla hujamaliza kusema.

"Mandhari" lina heshima zaidi, nami sina ugomvi nalo likiwa nyumbani kwake. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, mzizi uleule uliotupa "nadharia". Mandhari ni kile jicho linachokiona kikitandaa mbele yake. Ukipanda Gangilonga, lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, ukautazama mji wa Iringa chini yako, hayo ni mandhari. Maua ya Kitulo wakati wa mvua ni mandhari. Rangi moja iliyopakwa ndani ya mstatili haina umbali wala kina, na jicho halina pa kwenda.

Hata mashine yenyewe inalikataa neno hilo. VT100, terminali ya enzi ambapo terminali ilikuwa kifaa kizima chenye skrini na kibodi, iliyotolewa na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani mwaka 1978, ilikuwa na mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja, na programu nyingi za leo bado hufungua dirisha la ukubwa huo. Hizo ni nafasi 1,920, na katika programu za leo kila nafasi hubeba rangi mbili, moja ya herufi na moja ya kiwanja inamokaa herufi hiyo. Katika amri za rangi, namba 30 hadi 37 huipaka herufi, na namba 40 hadi 47 hukipaka kiwanja chake. Ndiyo maana neno moja la onyo linaweza kukaa kwenye wekundu ilhali majirani zake wote wamebaki kwenye weusi. Mandhari hayabadiliki neno kwa neno.

"Mandharinyuma" nalivumilia mahali pawili tu: kwenye picha ya mtu aliyesimama na milima nyuma yake, na kwenye zile programu za terminali zinazomruhusu mtumiaji kuweka picha nyuma ya maandishi. Mtu akiiweka picha ya Kitulo pale, mandhari yapo kweli, ingawa macho yatamuuma akisoma.

Umebaki na shida moja halali, nayo ni orodha ya mipangilio, ambako huwezi kuandika sentensi nzima. Wengine hupendekeza "rangi ya nyuma", lakini nyuma ya simu ni mgongo wake, na "ya nyuma" huweza pia kumaanisha iliyotangulia, kama tunaposema miaka ya nyuma. Andika "rangi ya maandishi" kwenye mstari wa kwanza na "rangi ya skrini" kwenye wa pili. Pale unapoeleza zile namba 40 hadi 47, ambazo hazigusi skrini nzima, andika "rangi ya nyuma ya herufi", maana hapo "nyuma" limeelezwa ni nyuma ya nini.

Na maelekezo yako kwa vijana yaanze hivi: "Ili kubadili mwonekano wa terminali, chagua kwanza fonti na ukubwa wa herufi, kisha rangi ya maandishi, kisha rangi ya skrini."