Uliza Fundi: Gia inalia krrr kwenye baridi ya -30

Shikamoo fundi. Niko Winnipeg, Kanada, hii ndo winta yangu ya kwanza. Nimenunua kagari ka zamani ka manual coz bei ilikuwa poa na Dar nilishazoea manual. Sasa tangu baridi ifike -30 gari imenigeuka, asubuhi stata inazunguka kwa tabu, ikiwaka nikiachia klachi tu inataka kuzima na wakati iko fri sijaingiza gia yoyote, alafu gia ya pili haitaki kuingia, inalia krrr, na pedali ya klachi nikikanyaga inarudi kivivu. Nikishaendesha kama dakika ishirini yote yanapotea. Jirani anasema gia boksi imekufa niuze. Na usiku nachomeka blok hita (kile kihita cha umeme cha injini) kama wenzangu, sasa tatizo nini?
– Msomaji, Winnipeg

Marahaba mdogo wangu. Usiuze. Hapo uliposema yanapotea ukishaendesha ndo jibu lenyewe, gia boksi iliyokufa haiponi kwa kupata joto, tena mara nyingi ikichemka ndo inazidi kulia.

Ile blok hita inapasha injini peke yake. Gia boksi iko pembeni pale na baridi yake yote, na oili yake kwa -30 inakuwa nzito kama asali. Ukiachia klachi gari ikiwa fri, injini inaanza kuzungusha shafti na gia zilizozama humo ndani, huo mzigo ndo unataka kuizima. Kwa hiyo ukiwasha kanyaga klachi mpaka chini, ikiwaka endelea kukanyaga kidogo mpaka sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) itulie, alafu achia polepole saaana. Ukishaachia iache fri dakika chache klachi ikiwa juu, maana ukiendelea kuikanyaga gia hazizunguki na oili haipati hata kajoto. Ila usikae nusu saa unachoma mafuta ukidhani gia boksi itachemka, inachemka ukiendesha, bas, we toka taratibu.

Gia ya pili sasa. Humo ndani kuna vipete (mafundi wanaviita sinkronaiza), kazi yake ni kusugua gia mpaka spidi zilingane ndo iingie laini. Oili ikiwa nzito haitoki kwenye ile sehemu ya kusugua, kipete kinateleza, ndo unasikia krrr. Usilazimishe!! kila krrr ni kipete kinalika. Kilomita za mwanzo badilisha gia ukiwa mwendo mdogo mdogo, pitia fri, subiri kidogo, ndo ingiza. Ikikataa fanya kama madereva wa malori ya zamani: kanyaga klachi, toa gia weka fri, achia klachi, kanyaga tena, ingiza ya pili. Inachosha lakini inaokoa gia boksi.

Alafu uliza humo kuna oili gani, hapa ndo naweka pesa yangu. Namba yenye W ndo inakwambia habari za baridi. 80W-90 ambayo huku nyumbani tumeizoea, ile 80W inapimwa mpaka -26 tu, 85W ndo kabisa inaishia -12, 75W inafika -40. Kama aliyekuuzia aliweka yoyote aliyoikuta, umeshapata mchawi. Fungua kitabu cha gari uone wanataka oili gani, magari mengine yana oili yake maalum, usimwage tu kwa sababu namba imekupendeza. Na injini ni hivyo hivyo, 0W inapimwa kuzungushwa na stata kwenye -35, 5W kwenye -30, 10W kwenye -25.

Pedali kurudi kivivu ni ile brek fluid (mafuta ya breki) inayosukuma klachi, nayo inakuwa nzito, na ikiwa ya zamani imeshanyonya maji. Badilisha. Lakini pedali ikibaki chini hata gari ikiwa na joto hiyo huenda ni liki, nenda gereji.

Stata kuzunguka kwa tabu, mpe mtu aipime betri. Kwenye -18 tu betri inabaki na kama nusu ya nguvu yake. Na betri iliyoisha chaji inaganda, ukikuta imeganda au imevimba usithubutu kuibusti, inaweza kulipuka. Habari ya kusukuma gari iwake kama tunavyofanya Kariakoo, kwenye barafu sahau, tairi zitateleza tu.

Swali lingine limetoka huko huko Kanada, Edmonton:

Fundi, watu wanasema manual nisipige handibreki winta, ni kweli? Na naweza kufunga stata ya rimoti niwashe gari nikiwa ndani ya nyumba?

Handibreki ni kweli, maji yakiingia kwenye kebo au kwenye breki yanaganda usiku, asubuhi tairi za nyuma hazizunguki. Paki sehemu tambarare, acha kwenye gia namba moja au rivasi. Kama ni mlima na gari inaangalia chini, kata tairi zielekee ukingo wa barabara; ikiangalia juu na kuna ukingo wa zege, kata tairi zielekee barabarani, ili gari ikirudi nyuma tairi zikwame kwenye ukingo.

Sasa rimoti ndo inagombana na hilo. Gari ikiwa kwenye gia ukiiwasha ukiwa chumbani itaruka mbele, igonge gari la jirani au mtu. Zipo rimoti za manual, ila zinataka uache gari fri na handibreki juu, yani kile kile tulichosema kinaganda. Mi ningekushauri ununue taima ya blok hita, iweke iwashe masaa matatu manne kabla hujatoka, na hiyo pesa ya rimoti nunua tairi za winta.