Dokta, hizo stika za kwenye paji la uso ni za nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu anabadilishiwa valvu ya moyo wiki ijayo, sasa jana daktari wa nusu kaputi katuambia watambandika stika mbili kwenye paji la uso za kupima oksijeni ya ubongo. Mi najua kile kidude cha kidoleni tu, hakitoshi? Au ubongo wake una shida wanatuficha?

JIBU: Marahaba binti. Hakuna mnachofichwa. Kidude cha kidoleni kinategemea damu inayodunda, sasa mama akishaunganishwa na mashine ya moyo na mapafu, moyo unasimamishwa na pampu ndo inasukuma damu, mara nyingi bila kudunda, hapo kidole kinakuwa bubu. Na ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni, ukipungukiwa mtu anaweza kuamka na kiharusi au anaweweseka hajui yuko wapi.

Stika zinapitisha mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, hauumi, unapenya fuvu na mashine inasoma unaorudi. Si kitu cha majaribio, mwanasayansi Frans Jöbsis aliionyesha njia hii tangu 1977. Wengi wanasoma asilimia 60 hadi 80, so msishtuke mkisikia 65 wakati kidole kilikuwa 98, huku inasomwa zaidi damu ya vena, yaani inayorudi moyoni, ambayo ubongo umeshachukua chake. Namba ya kuangalia ni ya mama mwenyewe, ile wanayochukua kabla hajalala. Ikishuka asilimia 20 chini ya hapo ndo watu wanaanza kuhangaika, shingo imepinda? mrija wa mashine umekaa vibaya? presha iko chini, pampu iongezwe, au damu ni nyepesi mno aongezewe? Kuna wakati kumbe kaboni dayoksaidi ndo imeshuka, mishipa ya ubongo ikajibana, wakiirekebisha namba inapanda yenyewe.

Ila nisikudanganye, stika haimkingi na chochote, inapiga kelele tu, kazi ni ya wanaoisikia. Tena inaona ubongo wa mbele peke yake, donge la damu likiziba kisogoni haina habari, na tafiti hadi leo hazijakubaliana inapunguza madhara kiasi gani. Mi wangu ningetaka abandikwe hivyo hivyo.

Kama mama aliwahi kupata kiharusi, hata kile cha kupita, mwambieni huyo daktari wa nusu kaputi mapema.