Taji la miiba: mnaliua kwa maji

Wiki hii karibu kila mtu kauliza taji la miiba, lile ua la miba mirefu na maua mekundu linalokaa kwenye chungu nje ya nyumba. Nimechukua machache, mengine ni yale yale.

Majani yanageuka njano na kudondoka, nimeongeza maji lakini ndo linazidi. Shida nini?

Shida ni hayo maji uliyoongeza. Jamani, hili nimeshalijibu mpaka nimechoka! Kwao ni Madagaska, linaota kwenye mawe, na lile shina nene ndo tenki lake. Zamisha kidole kwenye udongo, ukisikia unyevu acha, pakiwa pakavu mwagia mpaka maji yatokee chini, halafu lisahau. Kisahani cha chini kiondoe leo, hicho ndo kinaozesha mizizi. Ila kama ni kiangazi na shina bado gumu, kupukutika ni kawaida yake, na usisubiri majani yarudi chini kwenye shina, mapya yanatoka nchani tu.

Langu lina majani mengi ila halitoi maua, nimeliweka sebuleni karibu na tv.

Litoe nje kwenye jua. Na kama uliliwekea mbolea ya urea, usirudie.

Kila nikipanda tawi linaoza.

Unakata na kuchomeka hapo hapo, si ndio? Kata kipande cha urefu wa kidole, suuza yale maziwa yanayotoka ulipokata, kiache kivulini siku tatu mpaka tano kidonda kikauke, ndo ukichomeke kwenye mchanga mwingi udongo kidogo. Mi mwenyewe niliwahi kuwa na haraka nikapanda vipande sita jioni ile ile, wiki mbili baadaye navuta kimoja, kikatoka laini kama ndizi iliyoiva sana.

Nina mtoto wa miaka 2, naweza kulipanda mlangoni?

Hapana. Na usidhani naogopa miba, miba mtoto akichomwa mara moja atakoma, mi naogopa yale maziwa. Yakigusa ngozi yanawasha na kuunguza, yakiingia jichoni ni balaa, osha kwa maji safi yanayotiririka robo saa nzima kisha hospitali, usisugue. Brazil walishayajaribu kuulia konokono wanaobeba kichocho, ujue hayo sio maji ya dafu. Ukipogoa vaa glavu na miwani, na anayekwambia upake kutoa chunjua mwambie aanze yeye.

Muuzaji anasema yale ya maua makubwa yametoka Thailand, kweli?

Machotara ya maua makubwa Wathai wamezalisha kweli, ila sio kila chungu cha barabarani kimepanda ndege. Na hizo rangi wala sio petali, ni vijani, maua yenyewe ni vile vidogo katikati. Kabla hujatoa hela shika shina ulitikise taratibu, likicheza ujue limechomekwa juzi halina mizizi.