Nilikata stadi tatu ndipo nikajifunza kufungua bolti yenye kutu

Jumamosi iliyopita, jua likizama upande wa Kongo, bolti inayopita kwenye jicho, yaani tundu la mwisho, la springi ya nyuma kushoto ya gari langu ilitoka. Nimeiweka dirishani sebuleni. Mke wangu ameshaitupa nje mara mbili, nami naiokota. Siku tatu imenila ile, lakini imetoka nzima!

Wanaonifahamu hapa Mwanga, Kigoma, wanalijua gari lenyewe, Land Rover 109 ya mwaka 1978, niliyouziwa na mtu aliyeapa kwamba haijawahi kubeba chumvi. Siku namhesabia hela niliuona weupe kwenye kona za bodi, nikajidanganya kuwa ni vumbi. Kumbe miaka yote ilikuwa ikitoka Uvinza na magunia, inashusha Kigoma mjini, inapita Kibirizi kupakia dagaa. Chumvi huvuta unyevu, chuma hakipumziki. Na kutu hutuna kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana inajaza kila upenyo kati ya nati na bolti mpaka vinakuwa kitu kimoja.

Sasa la aibu. Mwaka mmoja nilikuwa nabadilisha gasketi ya manifodi ya ekzosi, bomba la kutolea moshi linalofungwa kwenye injini kwa stadi, yaani bolti zisizo na kichwa. Nilikuwa na spana, nina bomba la futi nne la kurefushia mkono wa spana, na nina mashemeji wawili wanatazama. Stadi ya kwanza ikalia kwii, nikadhani inafunguka. Ilikuwa inakatika. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikakata ya pili, nikakata na ya tatu, maana shemeji mmoja alishaguna.

Fundi niliyemwita kutoa mabaki alinicheka mbele ya wanangu: "Mwalimu, wewe baki na chaki yako." Sijasahau mpaka leo. Akachukua shilingi 120,000, na shimo moja akalitoboa upande, akaharibu nyuzi, ile mikato ya kuzunguka inayoshika bolti, kwenye kichwa cha injini. Hilo hakulicheka.

Basi sikilizeni. Kama kazi ni ya Jumamosi, bolti ianze kunywa Alhamisi. Piga kwanza brashi ya waya kwenye nyuzi zilizochomoza, maana kutu ya pale ndiyo inayobana nati ikianza kutoka. Halafu mafuta ya kulegeza kutu. Ukikosa, hata dizeli, ila ongeza siku. Asubuhi mafuta, jioni mafuta, na kila mara gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, siyo kwa hasira, ili mafuta yapate njia. Kuna kijana wa Kasulu kaniuliza kuhusu kuimwagia soda. Soda nakunywa mwenyewe, bolti naipa mafuta.

Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya kumi na mbili hula kingo za nati iliyochoka. Kabla ya kufungua, kaza kidogo, ukisikia imeshtuka ndipo ufungue. Ikizunguka robo, irudishe, mafuta tena. Haraka ndiyo iliyonipeleka kwa yule fundi.

Ikigoma kabisa ni moto, na moto ni wa nati, siyo wa bolti, ili nati itanuke. Kausha mafuta kwanza, na usiwashe karibu na tangi, mipira ya breki wala tairi. Ikishapata joto, gusisha mshumaa kwenye nyuzi, nta inanyonywa ndani.

Hii yangu nati ilitoka siku ya kwanza. Kilichoshika ni mwili wa bolti ndani ya bushi, kile kibomba kinachokaa ndani ya jicho la springi. Nikarudisha nati ya zamani mpaka ikalingana na ncha, ili nyundo isiharibu nyuzi, nikawa nagonga, naacha, naongeza mafuta.

Na mkifunga, pakeni grisi! Tunaishi na meli kongwe ya Liemba hapa bandarini na bado watu wanafunga bolti kavu. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 waliipaka mitambo grisi nene. Ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba watu. Injini imekaa miaka chini ya ziwa ikapona, wewe unashindwa kuchovya kidole kwenye kopo?

Bolti ya upande wa kulia nimeianzishia mafuta leo asubuhi. Mashemeji sijawaambia.