Asidi za nyongo na seli za kinga: kabla hujaamini matokeo, tazama umbo na dozi

Aliyeanzisha uzi huu ameuliza inakuwaje nyongo, ambayo shuleni tulifundishwa kuwa kazi yake ni kuvunjavunja mafuta, itajwe sasa katika habari za kinga ya mwili. Nimefanya kazi ya kukuza seli maabara kwa miaka kadhaa, hasa makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) zinazowekewa asidi za nyongo, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Ini la binadamu hutengeneza asidi mbili kuu kutokana na kolesteroli, yaani asidi ya koliki na asidi ya kenodeoksikoliki, kisha huziunganisha na molekuli ndogo za glaisini au taurini. Takriban asilimia 95 hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Kinachobaki ni kidogo, lakini ndicho kinachotuhusu, kwa sababu kikifika kwenye utumbo mpana bakteria hukitenganisha na glaisini au taurini, na baadhi yao, kama vile Clostridium scindens, huondoa haidroksili moja (kikundi cha atomu ya oksijeni na ya haidrojeni), ikapatikana asidi ya deoksikoliki au ya lithokoliki.

Molekuli hizi husomwa na vipokezi tofauti, yaani protini za seli zinazonasa ishara. FXR, kilichotambuliwa kuwa kipokezi cha asidi za nyongo mwaka 1999, hufanya kazi ndani ya kiini cha seli na huitikia zaidi asidi ya kenodeoksikoliki. TGR5 kimo kwenye utando wa seli, makrofaji zikiwemo, nacho huitikia zaidi lithokoliki na deoksikoliki: kikiamshwa, AMP ya mzunguko, molekuli inayopeleka ujumbe, huongezeka ndani ya seli, na utoaji wa protini zinazochochea uvimbe (ule unaoletwa na kinga, si wa saratani) hupungua. Lithokoliki hushika pia kipokezi cha vitamini D, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Kwa seli T, kundi jingine la seli za kinga, mabadiliko madogo ya umbo huleta tofauti kubwa. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba aina moja ya lithokoliki, iitwayo 3-okso, huzuia seli za Th17, yaani seli T zinazochochea uvimbe, kwa kushikamana na RORγt, protini ambayo seli hizo huihitaji ili ziundwe, ilhali aina nyingine, isoalo, huongeza seli T za udhibiti, zile zinazotuliza kinga. Asili ya zote mbili ni lithokoliki, lakini kazi zake ni mbili. Ndiyo maana sentensi kama "asidi za nyongo hupunguza uvimbe" hainiridhishi hata kidogo.

Sasa nije kwenye yale niliyoyaona mezani. Asidi hizi zina tabia ya sabuni, na deoksikoliki ikizidishwa huharibu utando wa seli. Seli inayokufa haitoi saitokini (protini za ujumbe wa kinga) kama kawaida, na mtu asiyepima uhai wa seli ataandika kwa furaha kwamba uvimbe umetulizwa. Pili, albumini, protini iliyomo kwenye seramu (majimaji ya damu tunayowawekea seli kama lishe), hushika asidi za nyongo, hivyo dozi ileile huwa kali zaidi seramu inapopunguzwa, na matokeo ya maabara mbili hayalingani mpaka jambo hilo lisemwe wazi. Tatu ni panya, ambao wengi wetu tunawategemea: ini lao hutengeneza asidi za murikoliki, ambazo mtu mzima kwa kawaida hana, na mojawapo, ikiunganishwa na taurini, huzuia FXR badala ya kukiamsha. Kwa hiyo matokeo ya panya kuhusu FXR nayasoma kwa tahadhari zaidi kuliko yale ya TGR5.

Mchangiaji mmoja amependekeza vidonge vya nyongo kwa ajili ya kutuliza kinga. Sikubaliani naye. Asidi ya obetikoliki, iliyoundwa mahususi kuamsha FXR, iliidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa ugonjwa mmoja wa mirija ya nyongo ndani ya ini, na bado baadaye iliwekewa onyo kali kwa sababu ya kudhuru ini la baadhi ya wagonjwa, mbali na mwasho wa ngozi uliowasumbua wengi. Vidonge vya nyongo vya dukani ni mchanganyiko, na havichagui vitaamsha kipokezi kipi wala katika seli ipi.