Maswali ya Wapiga Picha: Ndege Aliyepotea Njia

Swali: Naishi Portland, jimbo la Maine, Marekani. Yule tai-bahari wa Steller, ambaye kwao ni Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi, alipokuja Georgetown humu Maine nilimfuata na lenzi ya milimita 300. Kwenye picha anaonekana kama nzi juu ya msonobari, tena kingo zake zinacheza kana kwamba yumo majini. Ninunue lenzi ya 600?

Jibu: Hizo ni kasoro mbili, na lenzi itatibu moja tu. Tai huyo ana urefu wa karibu mita 1. Akiwa mita 500 kutoka ulipo, lenzi ya 300 humchora kwa milimita 0.6 tu kwenye kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga), yaani pikseli 100 hivi kwa kamera ya fremu kamili, yenye kihisi kikubwa, ya megapikseli 24. Ya 600 itakupa 200. Ukipata njia halali ya kusimama mita 250, lenzi uliyo nayo itakupa 200 zilezile bila kutoa senti.

Kingo zinazocheza ni kazi ya hewa. Majira ya baridi maji ya bahari huwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, na tabaka hizo zikichanganyika mwanga hupindapinda. Lenzi ndefu huukuza mpindo huo pamoja na ndege; tripodi haiuondoi, wala kasi ya shata. Panda mahali pa juu ili usipige kwa kuambaa na maji, kisha piga picha 20 au 30 mfululizo. Moja au mbili huangukia hewa ilipotulia. Usipigie dirishani mwa gari huku hita inawaka, maana joto linalotoka hapo linatosha kuharibu kila kitu. Lenzi iliyotoka ndani ya gari iache nje dakika 20 hadi 30 ipoe kwanza.

Tai akitulia, kasi ya shata ya sekunde 1/500 inatosha. Akiruka anza na 1/2000. Mwili wake ni mweusi, mabega meupe. Mbingu ikiwa nyeupe nyuma yake kamera humfanya kivuli, basi ongeza mwanga hatua 1 (yaani mara mbili). Akiwa mbele ya msitu mweusi, punguza hatua 1, la sivyo mabega yataungua kwa mwanga, yawe weupe mtupu, na hakuna programu itakayoyarudisha. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Swali: Pale mdomo wa Mto Sabaki, Malindi, niliona shakwe nisiyemfahamu. Nina simu tu na teleskopu ya kuazima. Wataalamu watahitaji picha gani?

Jibu: Picha mbaya ya sehemu sahihi ni bora kuliko picha nzuri ya ndege aliyelala. Kwa shakwe, sehemu yenyewe ni ncha za mabawa, na akisimama huzikunja. Subiri ajinyooshe au aruke, huku unarekodi video; utatoa fremu baadaye. Kisha piga ubavu mzima, mgongo, mkia, mdomo na rangi ya miguu. Mtafutie fremu moja akiwa kando ya shakwe wa kawaida, kwa kuwa ukubwa hauonekani kwa ndege aliye peke yake. Angalia pia kama ana pete mguuni.

Teleskopu iwe kwenye ukuzaji wa 20 hadi 30; ukizidisha, giza na mtikisiko huja pamoja. Shika simu kwa kishikizo, gusa kioo pale alipo ndege ili simu imlenge, na tumia kipima muda cha sekunde 3. Nenda alasiri: asubuhi jua liko upande wa bahari na ndege wote ni vivuli. Maji yakijaa hukusanyika karibu, yakitoka hutawanyika mbali.

Faili la asili usiliguse. Saa ya simu iwe sahihi, na nakala ya kukata kingo au kung'arisha iwe nyingine. Picha ni ushahidi: mwaka 2018 mwewe mkubwa mweusi wa Amerika ya Kati na Kusini aliyefika Maine alitambulika kuwa ndiye aliyeonekana Texas miezi michache kabla, kwa kulinganisha alama za chini ya mabawa kwenye picha.

Swali: Nikimchezea ndege aliyepotea njia sauti ya aina yake kwa simu ili asogee, kuna ubaya?

Jibu: Upo. Ndege wa namna hii yuko peke yake, hajui chakula cha pale, na kila kuruka bure kunamla mafuta ya mwilini. Mwewe yule wa Maine niliyemtaja aliishia bustani ya Deering Oaks, Portland, akila kindi, na Januari 2019 baridi iliiharibu miguu yake hadi ikabidi auawe ili asiteseke. Wewe tazama shingo ya ndege. Akiirefusha, akiacha kula, au akikugeukia, umeshakaribia kupita kiasi: rudi nyuma hatua 20, keti chini, ungoje. Mara nyingi akianza tena kula husogea mwenyewe.