Maswali yenu kuhusu haki za wazee

Mama ana miaka 67. Hospitalini wametutoza, na tunasikia wazee wanatibiwa bure. (Morogoro)

Kwa Tanzania Bara, msamaha ni wa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo. Hapo kwenye "asiye na uwezo" ndipo wengi wanapokwama. Mpelekeni kwa mtendaji wa mtaa au kijiji aandikiwe barua, kisha muoneni ofisa ustawi wa jamii. Nawasihi mfanye hivyo sasa, mama akiwa mzima. Barua haitafutwi usiku, mgonjwa akiwa juu ya bodaboda.

Dada yangu yuko Pemba, anapata hela kila mwezi. Mimi niko Tanga, nina miaka 73, sipati kitu. Nimekosea wapi?

Shikamoo mzee wangu. Hujakosea popote. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii Aprili 2016: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la. Baadaye ikapanda hadi 50,000. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, lakini pensheni ya namna hiyo hatuna. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inaangalia umaskini wa kaya, si umri. Kwangu mimi Zanzibar wametenda haki. Mchuma karafuu naye ameitumikia nchi, hata kama hakuwahi kukatwa mchango wa mfuko wowote. Ingia kwenye baraza la wazee la kata yako, mlidai hili kwa sauti moja.

Kitambulisho cha baba kimeandikwa 1968, ila mwaka wa Uhuru alikuwa anachunga mbuzi.

Basi kinampunja miaka zaidi ya kumi. Ombeni marekebisho mapema, mkiwa na cheti cha ubatizo kama kipo, au kiapo cha kuzaliwa.

Macho ya bibi yamekuwa mekundu, majirani wanamnong'ona kuwa ni mchawi. Tunaogopa. (Shinyanga)

Msingoje. Kaa dakika kumi kwenye jiko lisilo na dirisha, samadi kavu ikifuka mafigani, kisha utoke ujitazame macho. Bibi amepika humo maisha yake yote. Huenda pia ni trakoma, na ina tiba. Mpelekeni kliniki ya macho. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, kwa hiyo waambieni mwenyekiti wa kitongoji na polisi leo, mkiwataja wanaonong'ona. Na usiku asilale peke yake.